Kumsaidia mtoto wa shule ya kati kusoma makoloni ya kwanza ya Waingereza Marekani: mwongozo kamili kwa mzazi anayeongea Kiswahili

Binti yangu alikuwa gredi ya saba alipokuja na karatasi ya kurasa nne, juu yake majina yamejipanga kama ishirini hivi, Cabot, Raleigh, Roanoke, Jamestown, Powhatan, Plymouth, Winthrop, Penn, akaiweka mezani pembeni ya sinia la maharage niliyokuwa nachambua, akasema Mama testi ni Ijumaa ya wiki ijayo na sielewi kitu hapa. Mie nimesomea Tanga, Jamestown sikuwahi kuisikia mpaka nilipofika Ohio. Lakini nilivyoanza kusoma naye ile karatasi nikaona hii habari naijua. Kampuni imepewa hati na mfalme, walowezi wamekuja, wenyeji wapo na ardhi yao, halafu inatafutwa nguvu kazi. Sisi tuliosoma historia Afrika Mashariki tumekaririshwa hii tangu shule ya msingi, wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, mawakala wa ukoloni, unakumbuka?

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, uwe Mkongo, Mkenya, Mrundi au Mtanzania, usimwambie mtoto "mie sijui historia ya hapa, muulize ticha". Unaijua sehemu ngumu kuliko zote, yaani namna ukoloni unavyoendeshwa. Kilichobaki ni majina na miaka. Hapa naandika jinsi tulivyofanya hatua kwa hatua, na tangu hapo nimeshafanya hivyo na watoto wengine wanne wa majirani.

Hatua ya 1: Ongea na ticha kabla hujafungua kitabu

Muulize ticha mambo haya: mada inaanzia wapi na kuishia wapi (wengine wanaanza na Cabot 1497 na kuishia Georgia 1733, wengine wanaishia Plymouth tu), testi ni ya kuchagua majibu au kuna kuandika, na kutakuwa na nyaraka za kusoma ndani ya testi au hamna. Hilo la mwisho ndo muhimu, maana mtoto anaweza kukariri miaka yote halafu akawekewa barua ya 1620 mbele yake akakwama.

Kama mtoto bado anajifunza Kiingereza uliza pia kama ana haki ya muda wa ziada au kamusi kwenye testi. Na wewe mwenyewe kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani, shule ya serikali inatakiwa ikupe habari za mtoto wako kwa lugha unayoielewa na hutakiwi kulipa hata senti. Wazazi wengi wanakaa kimya kwenye mikutano kwa sababu hawalijui hili, na mtoto anageuzwa mkalimani wa mama yake, siyo haki kwake.

Hatua ya 2: Ramani kwanza, tena ichorwe kwa mkono

Usianze na kitabu, anza na karatasi kubwa. Sisi tulikata mfuko wa karatasi wa dukani tukaufungua, upande wa kulia akachora Uingereza, Uhispania na pwani ya Afrika, upande wa kushoto pwani ya Marekani kuanzia Newfoundland juu mpaka Florida chini, katikati bahari ya Atlantiki. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri, unahitaji kuwa wake.

Halafu aweke nukta. Newfoundland, Plymouth, Boston, mto Hudson, ghuba ya Chesapeake na Jamestown ndani yake, Roanoke chini kidogo kwenye visiwa vya mchanga vya North Carolina ya leo, na St. Augustine kule Florida. Hiyo St. Augustine ni ya Wahispania, 1565, na mtoto akiiona pale anaelewa kitu ambacho vitabu vinakipita haraka, kwamba Waingereza walichelewa. Wahispania walikuwa wameshatajirika na dhahabu na fedha ya Mexico na Peru kabla Mwingereza hajawa na hata kijiji kimoja bara lile, na ule wivu ndo uliomsukuma malkia Elizabeth kuwapa watu kama Francis Drake na Walter Raleigh ruhusa ya kwenda kutafuta na kupora.

Sasa mchore njia ya meli. Hapa ndo mtu wa pwani unang'ara. Meli tatu za Jamestown, Susan Constant, Godspeed na Discovery, zilitoka London Desemba 1606 na hazikukata bahari moja kwa moja. Zilishuka kusini mpaka visiwa vya Kanari, zikabebwa na upepo kuelekea magharibi mpaka visiwa vya Karibi, ndipo zikapanda kaskazini, safari ya zaidi ya miezi minne. Binti yangu akauliza kwanini wazunguke hivo. Nikamwambia habari ya majahazi ya kwetu, kwamba jahazi linakuja na kaskazi na linarudi na kusi, nahodha hashindani na upepo. Akaelewa palepale, na kwenye testi swali la njia ya meli alilijibu bila kufikiri.

Kama mtoto wako anapenda kuunganisha mambo mwonyeshe na hii: Cabot, yule Mwitaliano aliyetumwa na mfalme Henry VII, alitoka Bristol 1497 kutafuta njia ya kwenda Asia, na mwaka uliofuata tu, 1498, Vasco da Gama akatia nanga Malindi akitafuta hukohuko. Na 1591 Mwingereza James Lancaster akafika Unguja na meli yake, miaka michache tu baada ya wenzake kuachwa Roanoke. Pwani yetu na ile ya Virginia zilitembelewa na watu wa aina moja, zama moja, wakitafuta mali moja.

Hatua ya 3: Miaka nane tu, mingine ifuate

Usimkaririshe miaka thelathini. Mpe hii nane aiandike kwenye vikaratasi na kuibandika ukutani kwa mpangilio.

1497, Cabot afika Amerika Kaskazini.
1587, walowezi wakiongozwa na John White wafika Roanoke.
1607, Jamestown.
1619, bunge la kwanza Virginia, na Waafrika wa kwanza waletwa huko.
1620, meli ya Mayflower yafika, Plymouth yaanzishwa.
1630, Wapuritani (Wakristo waliotaka kulisafisha kanisa la England) wa John Winthrop wajenga Boston.
1681, William Penn apewa Pennsylvania.
1733, Georgia yaanzishwa, ya 13 na ya mwisho.

Chochote kingine anachokisoma ajiulize kinakaa kati ya kikaratasi gani na kipi. New York? Waingereza waliinyang'anya kwa Waholanzi 1664, kwa hiyo ipo kati ya 1630 na 1681. Vita ya Metacom, kiongozi wa wenyeji ambaye Waingereza walimwita King Philip? 1675 mpaka 1676, hapohapo.

Angalizo mbili ndogo. Ya kwanza, akikuta tarehe mbili tofauti za jambo moja asichanganyikiwe, Waingereza walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani iliyochelewa siku kumi nyuma ya hii ya sasa, ndo maana mapatano ya Mayflower (nayaeleza Hatua ya 4) yanaandikwa Novemba 11 pengine na Novemba 21 pengine. Achukue ya kitabu chake. Ya pili, sisi tunasema Uingereza kwa kila kitu ila England na Scotland ziliungana kuwa dola moja 1707, kwa hiyo makoloni karibu yote ya kwenye ile karatasi yalianzishwa na England, na kuna maticha wanalitaka hilo lisemwe sawasawa.

Hatua ya 4: Maswali matatu kwa kila koloni

Hii ndo roho ya mwongozo wote, kama huna muda fanya hii peke yake. Kila koloni mtoto analouliziwa alipitishe kwenye maswali haya:

Nani alitoa hela?
Nani alikuwepo pale kabla?
Nani alifanya kazi?

Twende na Roanoke kwanza maana ni fupi. Hela alitoa Raleigh, aliyepewa hati na malkia 1584. Waliokuwepo ni watu wa lugha za Algonquian, wawili wao, Manteo na Wanchese, walipelekwa London mwaka huohuo wa 1584, Manteo akarudi akiwa rafiki wa Waingereza na Wanchese akarudi akiwa adui yao. Kazi? Kundi la kwanza la 1585 lilikuwa la kijeshi, likategemea chakula cha wenyeji, likagombana nao, likaondoka 1586. Lile la 1587 lilikuwa na familia, watu zaidi ya mia moja, na mjukuu wa White, Virginia Dare, akazaliwa huko Agosti. White akarudi England kutafuta mahitaji, ikaingia vita na Uhispania, akashindwa kurudi mpaka 1590. Akakuta hamna mtu, kwenye nguzo limechongwa neno CROATOAN, jina la kisiwa cha jirani na la watu wake. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakiondoka kwa hatari wachonge na msalaba, na msalaba haukuwepo. Dhoruba ikamzuia kwenda kuangalia. Watoto wanalipenda hili jambo kupita kiasi, waache walipende, ila wasitumie wiki nzima hapo, kwenye testi kwa kawaida halizidi swali moja au mawili.

Jamestown ndo kwa kukaa.

Hela ilitoka kwa Virginia Company, kampuni ya hisa iliyopewa hati na mfalme James I 1606. Watu walinunua hisa London wakitegemea faida. Mwambie mtoto kuhusu ile kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya malkia 1888 kuendesha mambo Afrika Mashariki, IBEA, kabla serikali yenyewe haijachukua usukani 1895. Zimepishana karibu miaka mia tatu na mtindo ni uleule, kampuni inatangulia, ikishindwa serikali inashika, na Virginia nayo ilishikwa na mfalme 1624. Binti yangu aliposikia hivo akauliza, "kwa hiyo Mama na kwenu walikuja na kampuni?" Ndiyo mwanangu, na kwetu walikuja na kampuni.

Nani alikuwepo? Tsenacommacah, himaya ya makabila kama thelathini chini ya mtawala Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Binti yake Pocahontas alikuwa na umri wa miaka kama kumi na moja walowezi walipofika. Hapa simama na mtoto, maana wengi wameingia darasani na picha ya mapenzi kati yake na John Smith, mmoja wa viongozi wa walowezi. Alikuwa mtoto wa rika la hawa wanafunzi wetu. Baadaye, 1613, alitekwa na Waingereza, akabatizwa, akaolewa na mlowezi John Rolfe 1614, akapelekwa England na kufia Gravesend 1617 akiwa bado kijana kabisa.

Nani alifanya kazi? Hapa ndo pa kutoa maharage. Waliobaki Jamestown Mei 1607 walikuwa wanaume na wavulana 104, wengi mabwana wasiozoea jembe na watafuta dhahabu. Ilipofika Januari 1608 waliokuwa hai ni 38. Wakaletwa wengine. Halafu ikaja baridi ya 1609 kuingia 1610, kile kipindi wanachokiita Starving Time, msimu wa njaa. Ndani ya ngome walikuwa watu kama 300, ilipofika majira ya kuchipua wamebaki kama 60. Nilihesabu maharage matano mezani nikamwambia kila harage ni watu sitini, sasa ondoa. Akaondoa moja, nikamwambia bado, akaondoa la pili, bado, la tatu, bado, la nne. Lilipobaki moja peke yake kwenye meza akaliangalia muda mrefu. Sikuongeza neno na sikuhitaji kumkumbusha hiyo namba tena.

Halafu msaidie kueleza sababu, maana testi itauliza kwanini. Sababu siyo uvivu peke yake kama vitabu vya zamani vilivyopenda kusema. Maji ya mto James pale yanachanganyika na chumvi ya bahari, waliyanywa wakaumwa. Eneo ni kinamasi. Na wataalamu waliosoma miviringo ya ndani ya miti ya zamani wamegundua kwamba 1606 mpaka 1612 palikuwa na ukame mbaya kuliko wa karne nyingi kabla yake, kwa hiyo hata watu wa Powhatan hawakuwa na mahindi ya kugawa, na walowezi walipoyataka kwa nguvu vita vikaanza, wakazingirwa ndani ya ngome. John Smith aliyekuwa anajua kufanya nao biashara alikuwa ameshaungua na baruti na kurudishwa England 1609. Weka yote pamoja ndo unapata njaa. Kama mtoto ana moyo mgumu kidogo anaweza kusoma kuhusu uchimbaji wa mabaki ulioanza 1994, ngome iliyodhaniwa imeliwa na mto ikapatikana, na 2012 yakapatikana mabaki ya msichana wa miaka kama 14 yenye alama za kisu, kwamba walifikia kula wafu. Wewe ndo unamjua mtoto wako, amua.

Kilichoiokoa Jamestown ni tumbaku. Rolfe alianza kuijaribu 1612 kwa mbegu za kutoka Karibi, ikapendwa London, na kuanzia hapo kila mtu anataka ardhi na kila mwenye ardhi anataka mikono. Mlowezi akigharamia safari ya mtu anapewa eka 50. Wakaja Waingereza maskini kwa mkataba, wanafanya kazi miaka minne mpaka saba kulipa nauli. Hao ni watumishi wa mkataba, neno hilo lazima litakuja kwenye testi.

Plymouth kwa haraka zaidi. Hela ilitoka kwa wafanyabiashara wa London, ndiyo, hata ya watu wa dini, wale wanaoitwa Pilgrimu. Abiria 102 kwenye Mayflower, siku 66 baharini (tulizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, ni zaidi ya miezi miwili mnalala chini ya sakafu ya meli pamoja na mapipa). Siyo wote walikuwa watu wa dini, na hili mtoto alishike, kwa sababu ndo lililozaa yale mapatano. Walitakiwa kutua karibu na mto Hudson, wakajikuta Cape Cod ambako hati yao haifiki, baadhi ya abiria wakaanza kusema basi hakuna wa kututawala, ndipo wanaume 41 wakasaini mapatano ya Mayflower kwamba watatii sheria watakazojitungia wenyewe.

Waliokuwepo ni Wampanoag, na wapo hadi leo, kwa hiyo mtoto asiandike kana kwamba walishakwisha. Ugonjwa ulioletwa na meli za Wazungu ulikuwa umeua watu wengi sana pwani ile kati ya 1616 na 1619. Mtu wa kumfuatilia hapa ni Tisquantum, wanayemwita Squanto. Alitekwa 1614 na nahodha Mwingereza, akapelekwa Uhispania kuuzwa, akapata njia mpaka London, akarudi kwao 1619 na kukuta kijiji chake cha Patuxet kimekufa chote. Plymouth ilijengwa juu ya kijiji hichohicho. Watoto wote wanajua kwamba aliwafundisha Pilgrimu kupanda mahindi, wachache wanajua Kiingereza alikitoa wapi. Mtoto wa mkimbizi hiyo habari inamwingia kwa namna yake, mmoja wa watoto wa jirani, wazazi wake wametokea Kivu, alinyamaza kidogo halafu akasema "alirudi hakukuta mtu", basi, akaendelea kuandika.

Nusu ya wale wa Mayflower walikufa baridi ya kwanza. Ile karamu ya 1621 ilikuwa ya mavuno, Ousamequin, kiongozi aliyeitwa Massasoit, alikuja na wanaume kama 90. Miaka zaidi ya hamsini baadaye mtoto wake Metacom akapigana na watoto wa hao walowezi.

Hatua ya 5: 1619, msiipite juujuu

Kaa na mtoto wako kwenye hii. Julai 1619 pale Jamestown lilikaa bunge la kwanza la wajumbe, House of Burgesses. Mwisho wa Agosti mwaka huohuo meli iitwayo White Lion ikafika Point Comfort, pwani ya Virginia, na Waafrika ishirini na kitu. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya watumwa ya Wareno iliyotoka Luanda, Angola. Wengi wao, kwa wanavyoona wanahistoria, ni watu wa ufalme wa Ndongo, waongeaji wa Kimbundu.

Kimbundu ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Mtu kwao ni mutu. Nilipomwambia binti yangu hivo alirudia mara mbili tatu, mutu, mtu, mutu, mtu. Watoto wetu wengine wanakaa darasani wakidhani hii ni habari ya watu wengine.

Mmoja wa waliofika miezi hiyo anatajwa kwa jina, Angela, yupo kwenye hesabu ya watu ya Virginia ya 1625, kwamba alikuja na meli Treasurer na anaishi kwenye nyumba ya nahodha mmoja wa Jamestown. Jina moja na mstari mmoja.

Ticha anaweza kuuliza utumwa ulianzaje kuwa sheria. Mfano mzuri ni 1640, watumishi watatu walitoroka Virginia wakakamatwa, Wazungu wawili wakaongezewa miaka minne, na Mwafrika, John Punch, akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Kosa moja, adhabu mbili. Halafu 1662 Virginia ikatunga sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, mama mtumwa, mtoto mtumwa. Mtoto akiweza kueleza hayo mawili ameelewa kuliko aliyekariri ukurasa mzima.

Atakuwa na maswali, na mengine yatamuumiza. Mjibu ukweli kwa kiasi cha umri wake, na akitaka kunyamaza mwache anyamaze.

Hatua ya 6: Kanda tatu

Hii ni rahisi, chukueni karatasi mchore mistari miwili ipate sehemu tatu. Kaskazini, New England: ardhi ya mawe, baridi ndefu, kwa hiyo samaki, mbao, meli, na miji midogo imezunguka kanisa. Wapuritani walitaka uhuru wa dini yao ila siyo wa dini za wengine, Roger Williams akafukuzwa akaanzisha Providence 1636, Anne Hutchinson naye akafukuzwa. Katikati: ngano, watu mchanganyiko, Waholanzi, Wajerumani, na Pennsylvania ya Penn aliyekuwa Kweka. Wakenya hapa mna mfano wa nyumbani, Kanisa la Marafiki, lile la Kaimosi, ndo haohao Wakweka, na Kenya leo ina waumini wao wengi kuliko nchi yoyote. Kusini: tumbaku, mpunga, nili, mashamba makubwa na kazi ya watumwa.

Mfundishe aanze na udongo na hali ya hewa kila mara, kazi na maisha yanafuata hapo.

Hatua ya 7: Kusoma waraka wa zamani

Kiingereza cha 1600 ni kigumu hata kwa waliozaliwa hapa, mwambie hivo ili asijione mjinga. Kabla ya kusoma ndani, atafute nani kaandika, kamwandikia nani, lini, na alikuwa anataka nini. Mfano, barua ya John Rolfe inayotaja wale ishirini na kitu, iliandikwa mwanzoni mwa 1620 kwenda kwa Edwin Sandys, kiongozi wa kampuni kule London. Rolfe anasema gavana na msimamizi wa biashara waliwapata kwa kubadilishana na chakula. Muulize mtoto: huyu anaandika kwa nani? Kwa bosi wa kampuni. Anawaelezea watu kama nini? Kama mzigo uliopokelewa. Nani hakuandika barua? Hapo ameshapata jibu la maksi za juu.

Asome mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili apigie mstari maneno matatu tu yasiyoeleweka, mara ya tatu aseme kwa Kiswahili au lugha yoyote ya nyumbani waraka unasemaje. Akiweza kuusema nyumbani atauandika darasani.

Hatua ya 8: Kuandika jibu

Maticha wengi wanataka kitu kimoja: dai, ushahidi, maelezo. Swali likiwa kwanini Jamestown ilikaribia kufa, jibu dhaifu ni "kwa sababu walikuwa na njaa na wavivu". Jibu zuri linakwenda hivi: Jamestown ilikaribia kufa kwa sababu kampuni ilipeleka watu wa kutafuta faida mahali pasipo na maji mazuri wakati wa ukame. Kati ya watu kama 300 wa mwaka 1609 walibaki kama 60. Hii inaonyesha kwamba walowezi walitegemea chakula cha watu wa Powhatan, na uhusiano ulipoharibika hawakuwa na njia nyingine.

Aanze kwa kusema kwa mdomo, wewe uandike kwa Kiswahili, halafu yeye ahamishie kwenye Kiingereza. Tulianza hivo na sasa hivi binti yangu anaandika mwenyewe moja kwa moja.

Hatua ya 9: Siku mbili za mwisho na baada ya testi

Siku mbili kabla, toa vikaratasi ukutani, vichanganye, avipange. Mwambie akufundishe wewe koloni moja dakika tano, uliza yale maswali matatu, asipojua moja ndo anarudi kusoma hilo tu. Usiku wa mwisho hamna kipya, saa tatu alale.

Testi ikirudi usiangalie alama peke yake. Kaeni mtafute makosa ni ya aina gani, ni kutojua au ni kutoelewa swali lilivyoulizwa, kwa watoto wetu mara nyingi ni hilo la pili. Maticha wengi wanaruhusu kusahihisha na kurudishiwa sehemu ya maksi lakini kwa siku chache tu, kwa hiyo mwandikie ticha ujumbe siku hiyohiyo, na ile karatasi pamoja na ramani ya mfuko wa dukani viwekeni, gredi ya nane wakianza habari za mapinduzi ya 1776 mtavihitaji tena.